Neno Ambalo Sikulisema Kaburini

Mendel, nimekuja kukuzika
na bado sikubaliani nawe.
Rabi alinipa dakika tatu. Nimezikataa:
mimi na wewe hata salamu hatukuwahi kuimaliza kwa dakika tatu.
Nitasema hapa basi, moyoni, Queens,
mvua ikidondoka ukingoni mwa kofia,
ndege za LaGuardia zikikata kila sentensi
kama ulivyozoea kunikata wewe.

Unaukumbuka mkahawa wa chuo, kule chini,
chuo cha bure cha watoto wa washona makoti?
Supu ilinuka soksi. Mkate wako wa mayai
mama aliufunga kwa gazeti la Kiyidi,
ukala habari za mgomo pamoja na kiini.
Sisi kona hii, wao kona ile,
wote wajamaa, wote tukiapa kwa kitabu kimoja,
na hatukupeana hata chumvi.
Wao waliisifu Moscow. Wewe ukapanda juu ya kiti,
miaka kumi na tisa, suruali ya kaka yako,
ukawaambia mapinduzi yamechinjwa na wakunga wake
na kwamba yetu hayatakuwa na mpaka wala likizo.
Nilikupenda siku ile. Sijawahi kukuambia.

Kisha vita. Italia, na kidole ulichokiacha huko.
Kisha kodi ya nyumba, watoto, jarida letu dogo
lenye wasomaji mia sita na maadui elfu mbili.
Ulianza kuhama polepole, kama mtu anayesogeza kabati
usiku, asiwaamshe wapangaji wa chini.
Kwanza ukasema "lakini".
Serikali iwasaidie maskini, lakini.
Vijana wana haki ya kuandamana, lakini.
Walipovunja kioo cha duka la dawa la shemeji yako
kule Brownsville, "lakini" ikameza sentensi nzima.

Sabini na mbili, chama chetu kilipomteua yule
aliyetaka majeshi yarudi nyumbani,
ulizima televisheni kwa mguu.
Themanini, ukavuka barabara,
ukawapigia kura watu ambao baba yako
angewatemea mate, kisha akasukutua.
Nikakuita kinyonga.
Ukaniita sanamu.
Miaka sita hatukusemezana, na lifti yetu ilikuwa moja.

Nilichelewa kuliona hili, Mendel:
hukubadilika sana. Yaleyale mapinduzi yasiyo na mpaka
uliyafunga tai, ukayakodia ndege za kivita.
Jikoni kwako, mwaka ule wa Baghdad,
kichupa cha chumvi kilikuwa kifaru, cha pilipili kikawa uhuru,
na kidole kisichokuwepo kikaonyesha njia.
"Wiki sita," ulisema. Nikahesabu.
Nilikoma kuhesabu mjukuu wako aliporudi
akawa analala bafuni, taa ikiwaka.
Nawe ulikoma kutaja ramani.

Mwishoni vijana wa chama chako kipya
walikuandikia: mzee, toka, hukuwa wetu kamwe.
Ulinisomea kwa simu, ukacheka hadi kikohozi.
"Nimefukuzwa kona zote," ulisema. "Niletee mkate wa mayai."

Na mimi? Mwamba ngoma huvutia kwake:
karibu miaka themanini najisifu kwamba sikusogea.
Kweli, nilisimama palepale. Sakafu ndiyo iliyohama.
Wachimba makaa wa Scranton walitoka kwa mlango wa nyuma,
wanasheria wa Manhattan wakaingia na divai,
nami nikaendelea kugonga meza juu ya mgomo
mbele ya watu wasioijua njaa ya siku ya arobaini.
Hilo sikukwambia. Ungelifurahia mno.

Zamu yangu ya koleo. Tunachota kwa mgongo wake,
desturi ilivyo, tusionekane tuna haraka.
Binti yako amenishika kiwiko. Udongo wa Queens ni mzito.
Nimeokota jiwe dogo njiani, kando ya kituo cha basi,
nimeliweka juu yako, upande wa kushoto.
Ukitaka lihame
amka, tubishane.